Nisome Biblia na kusali kwa namna gani ili imani ikue, hasa katika msimu wa korosho?

Mama wa Tandahimba ameuliza:

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Shikamooni nyote mlionitangulia katika umri na katika imani.

Mimi na mume wangu ni wakulima wa korosho katika wilaya ya Tandahimba. Tunaishi na watoto wetu pamoja na mama mkwe wangu, ambaye ni Mkristo tangu utoto wake. Ukoo wetu una Waislamu wengi na tunaelewana vizuri, lakini katika ua wetu nyumba ya Kikristo ni yetu peke yetu, na kanisa liko mbali kiasi kwamba siku za kazi siwezi kwenda kwenye ibada. Kwa hiyo chakula changu cha kiroho kuanzia Jumatatu hadi Jumamosi ni kile ninachojisomea na kile ninachomwomba Mungu nikiwa nyumbani.

Nilipewa kanisani ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Biblia ina sura 1,189, na maana yake ni sura tatu au nne kila siku. Kitabu cha Mwanzo nilikisoma kwa furaha, na Kutoka vilevile mpaka nilipofika kwenye vipimo vya hema ya kukutania, mapazia, vitanzi na vikuku. Nilipoingia Mambo ya Walawi nikawa nasoma ili kutia alama kwenye ratiba tu, na nikifunga kitabu sikumbuki nilichokisoma. Kisha ukafika wakati wa kupulizia mikorosho dawa. Wenzangu wa huku mnajua kwamba kazi hiyo hufanywa alfajiri, kabla upepo haujaamka, na alfajiri ndiyo saa ambayo kila mhubiri hutuambia tumpe Mungu. Baada ya hapo huja kuokota, kuanika, kuchambua na kupeleka magunia ghalani, na usiku ninaposhika Biblia usingizi hunishinda kabla ya kumaliza hata sura moja.

Sala nazo zimekuwa zilezile: namshukuru Mungu kwa uzima, namwomba awalinde watoto, namwomba bei nzuri mnadani, halafu Amina. Sitaki kumwacha Mungu, wala sina shaka kwamba yupo na ananisikia. Ninachotamani ni kumjua zaidi. Naomba mnisaidie: je, niendelee na ratiba hiyo au niiache? Nifanyeje ili kusoma kwangu na kusali kwangu viwe kitu kimoja? Na mtu anajuaje kwamba anakua katika imani, wakati yeye mwenyewe haoni mabadiliko yoyote?

Katekista wa Ndanda amejibu:

Tumsifu Yesu Kristo. Dada yangu, nimesoma swali lako zaidi ya mara moja, na nimeona kwamba njaa uliyo nayo ni kazi ya Mungu mwenyewe, kwa sababu mtu ambaye hajaguswa na Neno hasumbuki kwa kutolikumbuka.

Kuhusu ratiba, ningekushauri uiweke kando kwa msimu huu bila kuona hatia. Hakuna andiko linalomwamuru Mkristo amalize Biblia kwa mwaka mmoja. Zaburi ya kwanza inamsifu mtu anayeitafakari sheria ya Bwana mchana na usiku, na kutafakari ni kukaa na maneno machache muda mrefu. Mariamu, baada ya wachungaji kusimulia waliyoambiwa, aliyaweka maneno yale yote akiyafikiri moyoni mwake. Hatuambiwi kwamba alikuwa na maneno mengi ya kufikiri. Alikuwa na machache, naye hakuyaacha yapite.

Huku kwetu tumeishi na watawa Wabenediktini tangu abasia ya Ndanda ilipoanza mwaka 1906, na kanuni wanayoifuata, ambayo Mtakatifu Benedikto aliiandika katika karne ya 6, ina sura nzima, ya 48, inayopanga saa za kazi za mikono na saa za kusoma mambo ya Mungu. Naitaja kwa sababu moja: wale hawakuwa watu wasio na kazi. Walilima, walivuna, walijenga, na saa zao za kusoma zilisogezwa kulingana na majira ya mwaka. Kwa hiyo unaposogeza saa yako ya sala kwa sababu ya kupulizia mikorosho hufanyi jambo geni katika Kanisa. Kosa lingekuwa kuiacha saa hiyo izurure bila makao, leo asubuhi, kesho usiku, keshokutwa haipo. Tafuta mahali katika siku yako ya shambani ambapo mwili umetulia na akili bado iko macho. Kwa wakulima wengi ninaowafahamu ni ile saa ya kupumzika kivulini baada ya kazi ya asubuhi, kabla ya jua kupungua. Iweke hapo, hata kama ni fupi.

Sasa nije kwenye swali lako la pili, ambalo naliona ndilo kubwa kuliko yote. Katika karne ya 12 mmonaki mmoja aliyeitwa Guigo alieleza hatua nne za kusoma Maandiko: kusoma, kutafakari, kusali, na kutulia mbele ya Mungu. Nakuonyesha kwa mfano. Chukua Injili ya Marko 10:46–52, habari za kipofu Bartimayo pale Yeriko. Isome polepole, kwa sauti, mara mbili. Kisha jiulize mambo madogo. Ameketi wapi? Kando ya njia, maana yake wengine wanapita na yeye habanduki. Wanaomkataza asipige kelele ni nani? Ni watu walewale wanaomfuata Yesu. Yeye anafanya nini? Anazidi kupaza sauti. Halafu Yesu anasimama na kumwuliza swali linaloshangaza, kwa kuwa kila mtu anaona kwamba ni kipofu: “Wataka nikufanyie nini?” Hapo acha kusoma. Swali hilo sasa lichukue kama umeulizwa wewe, mama wa Tandahimba, leo, ukiwa chini ya mkorosho wako. Jibu utakalompa Yesu ndiyo sala yako ya siku hiyo, na nina hakika halitakuwa lilelile la jana. Huenda utagundua kwamba unaloliomba kila siku si lile unalolihitaji kweli. Baada ya kumjibu, nyamaza kidogo, usiharakishe Amina. Kisha beba maneno yale mafupi ya Bartimayo, “Yesu, unirehemu,” uyarudie moyoni unapoendelea na kazi.

Ukifanya hivyo, kusoma na kusali havitakuwa kazi mbili zinazogombania muda wako mdogo. Yeye amesema kwanza, wewe umemjibu.

Kama hujui usome nini kila siku, sisi Wakatoliki tunatumia masomo ya siku yaliyopangwa na Kanisa. Yale ya Dominika huzunguka kwa miaka mitatu, na ya siku za kawaida kwa miaka miwili. Hata wewe ambaye labda si wa kwetu unaweza kuyafuata, kwa kuwa ni Biblia ileile.

Ndugu wa Nachingwea amejibu:

Bwana Yesu asifiwe sana. Nakubaliana na mengi aliyoyasema katekista, na ule mfano wa Bartimayo nitautumia katika kikundi chetu. Hata hivyo, naomba nitofautiane naye kwa heshima katika jambo moja. Dada, usiiache Biblia nzima. Punguza mwendo, lakini usikubali kubaki na vifungu vitamu peke yake, maana mtu anayechagua mwenyewe kila siku cha kusoma hujikuta amechagua maneno yanayomfariji na ameruka yale yanayomrekebisha. Ukisoma sura moja kwa siku utamaliza kwa muda unaozidi kidogo miaka mitatu na miezi mitatu, na hakuna atakayekudai.

Na kuhusu Mambo ya Walawi, nasikitika kwamba ulikutana nacho ukiwa umechoka, kwa sababu ndani ya kitabu hicho kuna sura ya 19, na sijui sura nyingine inayozungumza na mkulima wa korosho kwa uwazi kama hiyo. Isome pole pole uone. Aya ya 9 na ya 10 zinamkataza mwenye shamba asivune mpaka pembeni kabisa, wala asiokote masazo, ili maskini na mgeni wapate kitu. Aya ya 13 inasema ujira wa mwajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi. Aya ya 35 na ya 36 zinaamuru mizani za haki na vipimo vya haki. Sasa tazama msimu wetu. Wako vibarua wanaookota korosho na kuambiwa wasubiri mpaka mnada ulipe, ilhali watoto wao wanakula leo. Wako wanaowakopesha jirani zao fedha kidogo wakati wa njaa ili wachukue korosho zao kwa bei ya kangomba, yaani bei ndogo ya magendo nje ya mnada, na baadhi yao Jumapili tunaketi nao benchi moja. Mtu akiisoma sura hiyo mwezi wa kumi, magunia yakiwa uani, hawezi kusema kwamba imeandikwa kwa ajili ya watu wa zamani.

Hapo ndipo ninapoona jibu la swali lako la tatu. Yakobo anaonya kwamba msikiaji asiyekuwa mtendaji anafanana na mtu aliyejitazama kwenye kioo, akaenda zake, akasahau sura yake. Kama baada ya kusoma Walawi 19 umemlipa kibarua wako jioni ileile, ingawa ilikubidi ukope kwa ndugu, basi umekua. Hutasikia joto lolote moyoni, pengine utasikia ugumu tu, lakini Neno limetoka kwenye karatasi likaingia mfukoni mwako, na huko ndiko linakopata upinzani mkubwa kuliko mahali pengine popote.

Ombi lako la bei nzuri mnadani usiliache. Bwana wetu alitufundisha kuomba riziki ya kila siku, na mkulima asiyeomba habari ya mazao yake anamficha Mungu nusu ya maisha yake. Liongezee tu: omba bei nzuri kwa jirani pia, na omba upate moyo wa kuitumia vema ikija.

Muuguzi wa Mtwara Mjini amejibu:

Amani ya Bwana iwe nawe, mama. Nitaandika kwa ufupi kwa sababu niko zamu.

Mimi silimi, lakini zamu za usiku zimenifundisha kwamba kuna majira ambayo mtu hana nguvu za sura nzima. Kwa majira hayo Mungu ametuwekea Zaburi fupi. Kuanzia Zaburi ya 120 mpaka ya 134 ziko kumi na tano zenye kichwa cha “Wimbo wa kupanda mlima”, na karibu zote unaweza kuzimaliza ungali umesimama. Ya 121 ina aya nane. Nikiwa wodini saa ambazo kila mtu amelala, ninapofika kwenye maneno yasemayo kwamba hatasinzia wala hatalala usingizi yeye aliye mlinzi wa Israeli, napata nguvu za kumgeuza mgonjwa mwingine. Hiyo ndiyo ibada yangu ya usiku huo, nami naamini imepokelewa.

Nawaheshimu sana waliotangulia kujibu, ila wote wawili wamezungumza kama watu ambao hawajawahi kuamka usiku kwa ajili ya mtoto mwenye homa. Mama mwenye watoto wadogo asipimwe kwa kipimo cha mtawa wala cha mhubiri. Mtume Paulo, katika Warumi 8:26, anasema kwamba hatujui kuomba jinsi itupasavyo, na Roho mwenyewe hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Siku ambayo umeishiwa maneno, keti mbele za Mungu ukiwa umechoka hivyo hivyo, na umwambie kwamba umechoka. Katika Zaburi ya 13 Daudi anauliza “hata lini” mara nne katika aya mbili za mwanzo, na hakukemewa. Ya 88 inamalizika gizani, bila hata neno moja la shangwe, na bado imewekwa katika kitabu cha sala cha watu wa Mungu. Basi usijilazimishe kumpelekea Mungu maneno mazuri wakati moyo wako una maneno mengine.

Jambo moja dogo la nyongeza: kama unasoma kwa programu ya simu, zima kwanza data. Ujumbe mmoja wa kikundi cha ukoo unatosha kukuondoa Yerusalemu ukajikuta kwenye michango ya harusi.

Mama wa Tandahimba ameandika tena:

Mungu awabariki nyote. Dada muuguzi, umenitoa machozi, na kaka wa Nachingwea, sura ya 19 nimeisoma jioni hii pamoja na mume wangu, na tulipofika aya ya 13 tulitazamana, kwa kuwa wapo watu wawili waliotusaidia kuokota ambao bado hatujawapa chao. Tumekubaliana wapewe kesho.

Nimebakiwa na jambo moja. Mama mkwe wangu hajui kusoma, na macho yake sasa hayaoni vizuri. Sala anazozijua ni zile alizofundishwa utotoni, anazisema kila asubuhi na kila jioni bila kukosa. Natamani nimsomee Neno, lakini nahofia nitaonekana namfundisha mtu mzima. Tena jioni shemeji zangu Waislamu hupita uani kumsalimu mama yao, na sijui kama ni adabu kuendelea kusoma mbele yao.

Mzee wa Masasi amejibu:

Marahaba, mwanangu. Wenzangu wamesema mengi ya faida, nami nilikuwa nasoma tu, ila swali lako hili la mwisho limenigusa, kwa sababu linahusu namna imani ilivyofika huku kwetu.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka pwani ya Lindi kwa miguu akiwa na kundi la watu walioachwa huru kutoka utumwani, na kundi hilo likaweka makazi hapa Masasi. Askofu huyo ndiye aliyetumia miaka mingi kule Unguja akiyatafsiri Maandiko kwa Kiswahili, lakini Biblia nzima ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1891, baada ya yeye kufariki. Fikiri maana yake. Kwa miaka mingi Wakristo wa mwanzo wa sehemu hizi waliishi bila kitabu kizima, na wengi wao bila kujua kusoma. Walisomewa, wakasikia, wakashika kwa moyo, wakawaambia watoto wao. Sala anazozisema mama mkwe wako zimetoka katika mkondo huo, kwa hiyo usizihesabu kuwa ni sala za mtu aliyekosa. Wewe unalalamika kwamba sala zako ni zilezile. Yeye amesema zilezile maisha yake yote, na naona zimemfikisha uzeeni akiwa bado anasali. Mwombe akufundishe. Mwambie, “Mama, nisomee mimi kwa mdomo wako sala ulizofundishwa, nami nikusomee kwa macho yangu.” Hapo hakuna atakayekuwa mwalimu wa mwenzake, na heshima yake haitapungua hata kidogo.

Kusoma kwa sauti si njia ya wasiojua kusoma peke yao. Katika Matendo ya Mitume sura ya 8, Filipo alimsikia yule mkuu wa Kushi akisoma kitabu cha nabii Isaya garini mwake, maana yake alikuwa akisoma kwa sauti, ingawa alikuwa mtu mwenye cheo na elimu. Filipo akamwuliza kama yanamwelea anayoyasoma, naye akajibu, “Nitawezaje kuelewa, mtu asiponiongoza?” Mtu msomi hakuona aibu kusema hivyo. Nami nimeona katika nyumba nyingi kwamba mzee aliyesikiliza Injili kwa makini hutoa maneno ambayo msomaji mwenyewe hakuyaona. Msomee habari ya mwanamke mjane na senti zake mbili, kisha umwulize yeye anaonaje. Usimweleze kwanza. Mwache aseme, na utashangaa jinsi mtu aliyewahi kuwa maskini kweli anavyoielewa habari hiyo.

Paulo aliwaandikia Warumi kwamba imani chanzo chake ni kusikia. Na Musa, katika Kumbukumbu la Torati 6:7, aliagiza maneno ya Mungu yazungumzwe mtu aketipo nyumbani, atembeapo njiani, alalapo na aondokapo. Hakutaja mahali penye utulivu wala meza ya kusomea. Watoto wako watakaoketi hapo na bibi yao watapata kitu ambacho shule ya Jumapili haiwezi kuwapa.

Kuhusu shemeji zako, wakifika mkiwa mnasoma, waamkie, wapishe kiti, mmalize aya mliyokuwa nayo kwa sauti ileile ya kawaida, kisha mfunge kitabu na mwongee na mgeni wenu. Msipaze sauti ili wasikie, wala msiifiche kana kwamba mmefumaniwa. Ndugu zetu hao huamka adhana ikiita alfajiri nao hawatuonei haya, na tunawaheshimu kwa hilo. Siku mmoja wao akiuliza mnachosoma, mjibu alichouliza, kwa upole, bila kuligeuza kuwa mahubiri. Mama yao ni mmoja, na ua ni wao pia.

Uliuliza mtu anajuaje kwamba anakua. Kwa jinsi nilivyoona katika umri huu, mwenyewe huwa hajui, na hapaswi kujichunguza kila jioni. Katika Marko sura ya 4 Bwana anasema juu ya mtu aliyepanda mbegu, akawa akilala na kuondoka, nayo ikamea na kukua, asivyojua yeye. Wanaojua ni wale unaoishi nao: mume wako, vibarua wako, huyo mama mkwe. Wakati ukifika wataona tofauti kabla yako, na pengine hawatakuambia.

Kwa hiyo nakushauri hivi. Mwaka huu anzeni na Injili ya Marko, ambayo ina sura 16 tu na masimulizi yake ni mafupi, msome habari moja kila jioni kabla ya chakula, wakati bado mna mwanga wa kutosha na watoto hawajalala. Mambo ya Walawi utayarudia msimu ukiisha, ukifuata mwendo wa sura moja kama alivyosema ndugu wa Nachingwea. Na mama mkwe ndiye afunge kila jioni kwa sala yake aliyoizoea, nanyi wote mwitikie.